Kufunga tairi mpya ya pikipiki na kuibalansi mwenyewe nyumbani, mwongozo kamili

Kama umewahi kupiga magoti juu ya tairi, jasho linakutoka, liva (kile chuma cha kubandulia tairi) imeanza kupinda na tairi bado haijaingia hata robo, basi jua tatizo halikuwa nguvu zako. Upande wa pili wa tairi ulikuwa umekaa mahali pasipo pake. Hilo ndo jambo moja nataka ulishike kabla hujagusa spana, mengine yote yanafuata hapo.

Rimu ya pikipiki ukiichungulia ikiwa haina tairi utaona haiko bapa, katikati ina bonde linalozunguka rimu nzima. Tairi nayo ina kingo mbili nene, kila ukingo una waya wa chuma ndani, na huo waya hautanuki hata ufanyeje. Mdomo wa rimu ni mpana kuliko duara la huo waya, sasa inapitaje? Inapita kwa sababu ukiusukuma ukingo uingie bondeni upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya ziada ya kuruka mdomo wa rimu. Nafasi yenyewe ni ndogo sana lakini ndo inayotenganisha kazi ya dakika kumi na kazi ya nusu siku. Mimi tairi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbele, yenye tyubu, na niliitoboa tyubu kwa liva mara tatu mfululizo, nikaja kuelewa baadaye kwamba mara zote tatu nilikuwa nalazimisha huku ukingo wa upande wa pili umekaa juu kabisa, nje ya bonde. Kwaiyo popote utakaposoma humu "bonde", simama usome tena.

Isome tairi kwanza

Usifungue gurudumu kabla hujahakikisha tairi uliyonunua ndo yenyewe. Ubavuni kuna namba, mfano 130/70-17 M/C 62H. 130 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni rimu ya inchi ngapi, M/C ni alama ya tairi ya pikipiki, 62 ni uwezo wa kubeba (62 maana yake kilo 265), na H ni mwendo wa juu tairi inaoruhusiwa, yaani 210 km/h. S ni 180, P ni 150. Namba za uzito na mwendo zisiwe chini ya zile za kitabu cha pikipiki yako, hata kama tairi inaingia vizuri.

Tafuta pia namba nne za tarehe ya kutengenezwa, ziko mwisho wa mstari unaoanza na DOT. 2423 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2023. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo haujagusa barabara, na mimi tairi ikishapita miaka mitano siichukui hata iwe inang'aa.

Angalia kama ni TL, isiyo na tyubu, au TT, ya tyubu. Rimu za spoku za kawaida upepo unavuja kwenye matundu ya spoku kwaiyo lazima tyubu, hata ukiweka tairi iliyoandikwa TL. Na kama ni ya tyubu, nunua tyubu mpya pamoja na tairi, tafadhali. Tyubu ya zamani imeshatanuka ikafuata umbo la tairi ya zamani, ukiirudisha inajikunja, na mkunjo unasuguana mpaka unatoboka.

Mwisho kuna mshale wa mzunguko. Unaonyesha tairi inazunguka upande gani pikipiki ikienda mbele. Kuna tairi zina mishale miwili, mmoja ukiifunga mbele mwingine ukiifunga nyuma, na inaelekea kinyume, kwa sababu gurudumu la mbele kazi yake nzito ni breki na la nyuma kazi yake nzito ni kusukuma. Chukua chaki uchore mshale mkubwa kwenye tairi, na mwingine kwenye rimu kabla hujaichomoa kwenye pikipiki. Ukishafunga tairi nzima ndo ugundue iko kinyume, utalia.

Alafu iweke tairi juani saa moja au mbili. Mpira wa moto ni laini, wa baridi ni mgumu kama ubao. Kama hakuna jua iweke kwenye chumba chenye joto usiku kucha.

Vifaa

Liva za tairi tatu, za urefu wa sentimita 30 hivi, zenye ncha zilizochongwa mviringo. Usitumie bisibisi, hata moja, hata mara moja, ncha yake inakata mpira na kukwangua rimu. Ndefu sana nazo sizipendi, zinakupa nguvu nyingi mno na unaweza kukata waya wa tairi bila kusikia chochote mkononi. Kata vipande vya chupa ngumu ya plastiki uvikunje uviweke kwenye mdomo wa rimu chini ya liva, vinazuia mikwaruzo.

Maji ya sabuni mazito kidogo na brashi au sponji. Watu wanapaka oili au grisi hapa, usifanye hivyo. Oili inakula mpira na haikauki, kwaiyo tairi inabaki inateleza ndani ya rimu, ukikanyaga breki rimu inasimama tairi inaendelea kuzunguka juu yake, na kama kuna tyubu valvu inang'oka. Sabuni inateleza wakati unaihitaji alafu inakauka.

Kifungulio cha kile kisindano cha ndani ya valvu, kipimo cha upepo, pampu au kompresa, klampu kubwa ya seremala, mbao mbili au tairi kuukuu ya gari la kulazia gurudumu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukazia), na vizito vya kubandika vya gramu 5 na 10. Kwa balansi utahitaji stendi mbili zenye kimo sawa na pima maji. Stendi maalumu zipo, ila viti viwili imara na ekseli yenyewe vinafanya kazi.

Kuchomoa gurudumu

Legeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado iko chini kwenye matairi yake. Ukiinyanyua kwanza alafu uanze kuvuta spana kwa nguvu, unaiangusha. Baada ya hapo inua kwenye stendi ya kati au stendi ya fundi, itikise uone kama imetulia kweli.

Piga picha kabla ya kuchomoa kitu chochote, kushoto na kulia. Bushi za pembeni mwa gurudumu mara nyingi hazilingani urefu, na ukizibadilisha upande, diski haitakaa katikati ya pedi. Kwa gurudumu la nyuma angalia alama za kukazia cheni ziko wapi pande zote mbili, sukuma gurudumu mbele, toa cheni kwenye sproketi (lile duara la meno linalovutwa na cheni), chomoa ekseli. Kama breki ni ya diski, gurudumu likishatoka usiguse kabisa breki ya upande huo, pistoni zitatoka na pedi zitabana. Weka kipande cha mbao nyembamba katikati ya pedi ili hata mtu akipita akaibonyeza kusitokee kitu.

Weka kila kitu kwa mpangilio wa kilivyotoka, kwenye kitambaa kisafi, kushoto kushoto na kulia kulia.

Kubandua tairi kuukuu

Laza gurudumu juu ya mbao au juu ya ile tairi ya gari, diski isiguse chini. Diski ikibeba uzito wa mtu inapinda, na iliyopinda utaisikia kwenye breki kila siku. Kuna fundi alishanirudishia gurudumu lenye diski inayotikisika kwa sababu alililaza sakafuni akalipanda, na hapo ndo niliamua hii kazi niifanye mwenyewe.

Fungua kisindano cha valvu upepo utoke wote. Kukifungua tu haitoshi, kitoe kabisa. Sasa kazi ya kwanza ngumu: ukingo wa tairi umegandia kwenye mdomo wa rimu, unatakiwa uachie na uanguke bondeni. Ukikanyaga kwa kisigino cha buti mara nyingine inatosha kwa pikipiki ndogo. Ikikataa, tumia klampu, unabana ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, unakaza kidogo, unapaka sabuni, unahama sentimita kumi, unakaza tena, mpaka uusikie ukingo unaachia. Usilazimishe sehemu moja, zunguka. Geuza, fanya na upande wa pili, pande zote mbili ziachie ndo uanze liva.

Paka sabuni ukingo wote wa juu. Anzia karibu na valvu kama ni ya tyubu. Magoti yako yawe upande wa mkabala, yanaukandamiza ukingo uingie bondeni, yaani magoti ndo yanafanya kazi, mikono inamalizia tu. Ingiza liva ya kwanza, vuta, iache. Ya pili sentimita tano pembeni, vuta. Ya tatu sentimita tano tena. Watu wana haraka wanaruka sentimita kumi na tano, hapo ndo liva inapinda na mdomo wa rimu unabonyea. Hatua ndogo ndogo. Ukishavuta mara nne au tano hivi ukingo unalegea wenyewe na unauzungusha kwa mkono.

Kama kuna tyubu itoe sasa hivi. Alafu simamisha gurudumu, ukingo wa pili nao unatoka upande ule ule wa kwanza: pitisha liva, sukuma upande wa chini bondeni, vuta rimu itoke. Kama gurudumu lako lina kitambuzi cha upepo ndani, kiko chini ya valvu, kwaiyo liva zisiingie jirani na hapo hata kidogo, na ukingo usikilalie.

Rimu tupu

Usipite haraka hapa kwa sababu hii nafasi unaipata mara moja kila tairi. Safisha sehemu ukingo unapokaa kwa brashi ngumu au msasa laini, toa kutu na mabaki ya mpira, maana ndo panapovujisha upepo polepole miezi ijayo. Pitisha kidole mdomo wote wa rimu utafute mbonyeo na nyufa. Rimu yenye ufa haifungwi tairi, hilo halina mjadala. Kama ni ya spoku, gonga kila spoku kwa spana ndogo, iliyolegea inatoa sauti nzito tofauti na wenzake, na angalia ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, ukiwa umechanika badilisha, ni kitu kidogo lakini bila huo tyubu inatobolewa kutoka ndani.

Rimu isiyo ya tyubu, badilisha valvu ya mpira. Iminye pembeni, ukiona inapasuka pasuka kwenye shina ujue imeisha. Ingiza kidole kwenye beringi uzungushe, ikikwama au ikisaga saga ni bora uijue leo.

Alafu ifanyie rimu tupu balansi ya haraka. Pitisha ekseli, iweke juu ya stendi, iache izunguke yenyewe, upande mzito utashuka chini. Piga alama ya chaki hapo. Watu wanaamini upande mzito wa rimu ni kwenye valvu siku zote, na mara nyingi ni hivyo, ila si kila mara, na dakika tano za kuhakikisha zitakupunguzia vizito baadaye. Tairi nyingi mpya zina doa la rangi ubavuni, mara nyingi la njano, linaloonyesha upande mwepesi wa tairi. Upande mwepesi wa tairi ukutane na upande mzito wa rimu. Kama hukupima rimu, doa lielekee valvu.

Kuingiza tairi mpya

Angalia mshale. Angalia tena.

Paka sabuni kingo zote mbili na mdomo wa rimu. Laza rimu chini, chukua tairi uiweke imelala upande kidogo, sehemu moja ya ukingo wa chini iingie kwenye bonde, alafu sukuma kwa mikono na uzito wa mwili. Ukingo wa kwanza mara nyingi unaingia bila liva kabisa, au unahitaji liva moja mwishoni. Ukiona unapambana na ukingo wa kwanza, shuka chini uchungulie, hauko bondeni.

Kwa tyubu: ijaze upepo kidogo tu, ipate umbo la duara basi, isitune. Ipake poda ya watoto isigandane na tairi. Iingize, pitisha valvu kwenye tundu, shikiza nati yake uzi mmoja au miwili tu, usikaze. Pitisha mkono ndani mzunguko mzima uhakikishe haijajikunja wala kujisokota.

Ukingo wa pili ndo wenye shughuli. Anza upande wa mkabala na valvu, usukume ndani kwa mikono, weka goti hapo lisitoke, alafu endelea kushoto na kulia kidogo kidogo ukija kuelekea valvu. Mwisho uwe kwenye valvu. Kwa nini? Kwa sababu sehemu ya valvu, hasa yenye tyubu, ukingo hauwezi kuzama bondeni vizuri, unalala juu ya shina la valvu. Ukianzia hapo umejinyima nafasi yote. Ukimalizia hapo, upande wa mkabala umeshazama, na nafasi iko upande unaoihitaji. Kwa tyubu, kabla ya liva ya mwisho sukuma valvu kwenda ndani ya tairi uone inapanda na kushuka bila kukwama, hapo unajua tyubu haijabanwa chini ya ukingo.

Sehemu ya mwisho ya sentimita ishirini hivi ndo inakaza zaidi. Hapo kila mtu anataka kuongeza nguvu. Acha. Weka liva chini, zunguka gurudumu zima ukikandamiza ubavu kwa magoti na viganja, sukuma ukingo bondeni upya, ongeza sabuni, ndo urudi. Liva iingie kidogo tu, kiasi cha kushika mdomo wa rimu, ikizama ndani zaidi itakutana na tyubu. Ukingo unaingia na mlio laini na mara nyingine utashangaa umeingia kirahisi namna hiyo.

Kuweka upepo mpaka kingo zikae

Acha kisindano nje upepo uingie kwa kasi, hii ni kwa tairi isiyo na tyubu. Ukijaza utasikia mlipuko mfupi, alafu wa pili, pa, pa, hizo ni kingo mbili zinaruka kutoka bondeni kwenda kukaa kwenye mdomo wa rimu. Vidole vikae mbali na ukingo, na uso usiwe juu ya gurudumu, simama pembeni ukitumia mpira mrefu wa pampu. Usipite 40 psi, yaani kama bar 2.8, kutafuta huo mlio. Ikifika hapo haijakaa, toa upepo wote, paka sabuni tena, zungusha, anza upya. Kuongeza tu upepo mpaka ikubali ndo namna watu wanapasukiwa na rimu au tairi usoni.

Kama upepo unatoka wote pembeni na tairi haitaki hata kuanza, funga mkanda wa kufungia mizigo kuzunguka katikati ya kashata (ule uso wa tairi unaogusa barabara), kaza, kingo zitasukumwa nje ziguse rimu. Ikianza kujaa legeza mkanda utoe. Ile njia ya kumwagia petroli na kuwasha moto usiijaribu kabisa. Huwezi kupima huo mlipuko, na hutakuwa na nafasi ya pili.

Ukingo ukishakaa angalia ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka tairi jirani na rimu. Unatakiwa uwe umbali ule ule kutoka mdomo wa rimu mzunguko wote, pande zote mbili. Sehemu mstari unapozama, tairi haijakaa, na ukiendesha hivyo itarusha kila mzunguko, na hakuna balansi itakayoiponya. Kwa tyubu mimi najaza, natoa upepo wote, najaza tena, ili tyubu ijinyooshe. Rudisha kisindano, weka upepo wa kitabu cha pikipiki, kaza kofia ya valvu. Pakaa maji ya sabuni kwenye valvu na kingo, hakuna mapovu, twende.

Balansi

Kuna wanaosema pikipiki haihitaji. Hebu tupige hesabu: gurudumu la inchi 17, pikipiki iko 100 km/h, tairi inazunguka karibu mara 15 kwa sekunde. Gramu 30 tu za ziada kwenye rimu, uzito wa funguo kadhaa, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 6, na mvuto huo unageuka juu chini juu chini mara 15 kila sekunde. Kwa 50 km/h ni robo ya hiyo, kilo moja na nusu hivi, kwa sababu nguvu inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Ndo maana mtu anaendesha mjini hasikii kitu, akifika barabara kuu usukani unaanza kutetemeka mikononi. La mbele ndo lenye kelele zaidi, lakini na la nyuma lina haki yake.

Gurudumu la nyuma likiwa na sehemu ya sproketi inayochomoka, ile yenye mipira ya kupunguza mshtuko, itoe kabla ya kupima. Safisha ekseli, ipitishe, weka ncha zake juu ya stendi mbili. Weka pima maji juu ya ekseli, ikiinama gurudumu litajisogeza na utapata majibu ya uongo. Sili za vumbi zinaleta msuguano, kama zinatoka kirahisi zitoe. Stendi zenye beringi nne ndogo ambazo ekseli inazunguka juu yake ni nzuri zaidi kwa sababu hii, beringi za gurudumu zenye grisi nzito zinaficha gramu 5 au 10.

Toa vizito vyote vya zamani, ondoa na gundi yake. Zungusha gurudumu taratibu, liache lisimame lenyewe, chini ndo upande mzito. Weka alama ya chaki juu kabisa, huo ndo upande mwepesi. Lizungushe tena, kutoka pembe nyingine, mara tatu. Alama ikirudi juu kila mara umepata ukweli. Ikisimama sehemu tofauti kila mara ama lina balansi tayari ama kuna msuguano mahali.

Sasa bandika vizito kwa muda na utepe wa karatasi pale juu, anza na gramu 10. Geuza gurudumu robo, vizito viwe pembeni usawa wa ekseli, achia. Vizito vikipanda juu, ongeza. Vikishuka, umezidisha. Ukifika mahali unaachia vizito vikiwa upande mmoja linatulia, vikiwa chini linatulia, vikiwa upande wa pili linatulia, hapo umefika. Mimi huwa nalizungusha na kulisimamisha kwa kidole mahali nane tofauti kabla sijaridhika.

Kawaida inaisha kwenye gramu 10 mpaka 30. Ukijikuta umefika 50 au 60 simama, toa upepo, achilia kingo, zungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, pima upya. Inauma kurudia lakini mara nyingi inashuka sana.

Ukishapata namba, futa rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, acha ikauke, bandika vizito katikati ya rimu, na kama ni vingi gawanya sawa kushoto na kulia. Minya kwa nguvu kila kimoja. Kizito kikibandikwa juu ya vumbi kitaruka safari ya kwanza. Rimu ya spoku ina vizito vyake vinavyobanwa kwenye kichwa cha spoku, au unaweza kuzungushia waya wa kulehemia wa risasi kwenye kichwa hicho, vizuri na kwa kubana, kwa plaizi. Pima mara ya mwisho baada ya kubandika.

Kurudisha

Futa ekseli, ipake grisi nyembamba. Fungua ile picha uliyopiga. Bushi kila moja upande wake, diski iingie katikati ya pedi bila kuzilazimisha, mshale uelekee mbele. Kwa breki ya dramu hakikisha ule mkono wa kuzuia sahani ya breki isizunguke umefungwa na pini yake ipo. Huo ukisahaulika, breki ya kwanza tu inaweza kufunga gurudumu, na hiyo ni ajali, kwaiyo kagua hapo mara mbili.

Rudisha cheni, linganisha alama pande zote mbili, pima mlegeo. Pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 25 mpaka 35 ila fuata kitabu chako. Kaza nati ya ekseli kwa toki renchi kwa namba ya kitabu, na kama inatumia pini ya kukunjwa miguu weka mpya.

Bonyeza breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Fanya hivi kabla ya kupanda, kabla hata ya kushusha stendi, kwa sababu pistoni zinaweza kuwa zimerudi nyuma wakati wa kazi na mara ya kwanza kubonyeza hutapata breki kabisa. Zungusha gurudumu kwa mkono, usikilize. Alafu chora mstari wa chaki unaovuka kutoka rimu mpaka tairi.

Kilomita za kwanza

Tairi mpya inateleza. Uso wake ni laini mno, haujakwaruzwa na lami, na sabuni uliyopaka inaweza kuwa bado haijakauka kwenye kingo. Kilomita 100 mpaka 160 za kwanza nenda taratibu, usilale sana kwenye kona, usivute mafuta ghafla, usikanyage breki kwa mshtuko isipokuwa imebidi, na mvua ikinyesha ongeza uangalifu maradufu. Ongeza kulala kwenye kona kidogo kidogo ili kashata za pembeni nazo zikwaruzike.

Kesho yake asubuhi, tairi ikiwa ya baridi, pima upepo. Kama umeshuka psi moja au mbili rudisha uangalie keshokutwa, ukishuka zaidi ya hapo rudi na maji ya sabuni utafute mapovu, anzia valvu, alafu kingo. Angalia pia ule mstari wa chaki kwenye rimu na tairi kama bado umelingana, ukiachana tairi imeteleza juu ya rimu, na kwa yenye tyubu utaona valvu imelala upande. Hapo usiendelee kuendesha, toa upepo, nyoosha, acha sabuni ikauke kabisa. Na ile nati ya ekseli, ipitie tena na toki renchi baada ya safari ya kwanza.